Huyu Mtoto Amepitia Mikono Mingapi? Maneno niliyozungumza na wafanyakazi wapya wa jamii, Malindi

Assalaam aleikum, na habari za asubuhi kwa nyote. Nawaona mama zangu wa kujitolea kutoka Maweni na Barani, vijana wa chuo mlioko mafunzoni, maafisa wa watoto, wazee wetu wa nyumba kumi, asanteni sana kwa kuja mapema hivi na jua hili. Wengine mliniomba niyaandike niliyosema ili msome tena nyumbani, basi ndo haya, nimeyaacha vile yalivyotoka mdomoni.

Mada niliyopewa ni vile nafsi ya mtu inavyojengeka tangu utotoni kwa mtazamo wa saikodainamiki, na sisi wa ustawi wa jamii tuifanyie nini elimu hiyo tukiwa kazini. Ningeweza kuanza kutaja wataalamu mmoja mmoja nikamaliza saa nzima, lakini nataka nianze na kitu kimoja ambacho kila mmoja wenu atoke nacho hapa. Ukipewa faili ya mtoto, fomu itakuuliza umri, jina la baba na la mama, shule, dini, ameletwa na nani na kwa kosa gani. Hakuna mahali inapokuuliza huyu mtoto amepitia mikono mingapi, yaani nani alikuwa akimlaza usiku akiwa na mwaka mmoja, nani akamchukua baadaye, pale aliondokaje, kuna mtu alimuaga ama alipakiwa tu kwenye bodaboda na mfuko wake wa nguo. Mimi nasema hilo ndo swali la kwanza kabla ya kosa, na muda wangu wote leo nitautumia kueleza kwa nini.

Hawa watu wa saikodainamiki wanasema hivi: mtu mzima unayemuona leo, hasira zake, woga wake, namna anavyopenda na namna anavyokimbia akipendwa, sehemu kubwa ilianza kujengwa hata hajajua kusema vizuri, ikajengwa baina yake na wale waliomlea, na mengi katika hayo mwenyewe hayajui, yanamuendesha tu kutoka ndani. Aliyeanzisha ni Sigmund Freud, daktari wa Vienna, na mwaka 1923 ndo alitoa ule mgawanyo wake wa nafsi katika sehemu 3, tamaa zinazotaka kitu sasa hivi, sauti ya wazazi iliyohamia ndani ikawa inakemea, na katikati yule mimi anayejaribu kuwapatanisha hao wawili na dunia ilivyo. Kuna mambo ya Freud mimi nayaacha bila majuto, hasa aliyoyasema juu ya wanawake, msijisumbue nayo. Lakini kwamba tabia ina historia, na kwamba mtu anaweza kujificha jambo lake mwenyewe asijue kama anajificha, hilo ukilitupa kazi hii hutaiweza.

Wa maana zaidi kwetu mimi namuona binti yake wa mwisho, Anna. Mwaka 1936 alitoa kitabu juu ya kinga za nafsi, zile mbinu ambazo nafsi inatumia kujikinga na maumivu isiyoyaweza. Mnazijua zote hizo, mnaziona kila siku ila hamjaambiwa zinaitwaje. Mtoto anapigwa na baba wa kambo nyumbani, akifika shule yeye ndo anawapiga wadogo, amegeuka yule anayemuogopa ili asimuogope tena. Mwingine amefiwa na baba yake mvuvi, watu wote wanalia yeye anacheza, ukimuuliza anakwambia baba yuko Mombasa atarudi. Mwingine ana miaka 8, alishaacha kukojoa kitandani zamani, mama kaenda Saudia kufanya kazi za ndani, mtoto kaanza upya kukojoa. Mtaani huyo ataitwa mkaidi, ama mtundu, ama ana mashetani, na atachapwa ama atafukizwa. Kinga hizi mtoto aliziweka wakati hana njia nyingine ya kuishi, na wewe ukija ukazibomoa kwa nguvu, ukamlazimisha yule wa baba mvuvi aseme baba amekufa, aseme sasa hivi mbele yako, kabla hujampa mtu wa kumshika, umemfanyia ukatili hata kama nia yako ilikuwa njema.

Familia ya Freud ilikimbia Vienna mwaka 1938 baada ya Wanazi kuingia, wakahamia London, na vita ilipochacha Anna na mwenzake Dorothy Burlingham wakafungua vituo vya kulea watoto wadogo huko Hampstead. Walichokiona kilishangaza watu wengi. Mtoto aliyebaki na mama yake mabomu yakianguka mara nyingi alikuwa afadhali kuliko yule aliyepelekwa shamba salama bila mama. Na pale kituoni wakaona watoto wengi wakilelewa kwa pamoja na kila anayepita hawaendelei vizuri, kwa hivyo wakawagawa katika vifamilia vidogo, kila kifamilia na mlezi wake maalum. Siku za mwanzo ilikuwa vurugu tupu, wivu, vilio, mtoto hataki mlezi wake aguse mtoto mwingine wala atoke mlangoni. Msimamizi wa kituo cha kwetu angesema mpango umeharibika, turudi kule kwa zamani kulikokuwa na utulivu. Wao walielewa kwamba vurugu ile ndo mapenzi yanaanza, wakaivumilia, na watoto wakaanza kuongea na kujifunza mambo haraka kuliko mwanzo. Nataka mlikumbuke hili siku mtoto mliyempeleka kwa mlezi mzuri atakapoanza kusumbua, maana simu mtapigiwa, mtaambiwa mtoto amebadilika tangu afike, njooni mumchukue.

Mimi nilipigiwa simu kama hiyo. Mvulana wa miaka 9 hivi, nimebadilisha mambo yake asitambulike na yeyote, alipelekwa kwa mama mmoja mlezi mitaa ya Ngala, mama mcha Mungu, nyumba haina njaa, watu wakarimu. Haikupita muda mama akaanza kulalamika, mmeniletea mwizi. Anaiba nini mama? Mahamri. Asubuhi wanakunywa chai, mahamri na mbaazi viko mezani, anakula anashiba, hakuna aliyemkataza kuongeza, kisha jioni ukiinua godoro unakuta mawili yamefungwa kwenye karatasi ya daftari, yamekauka, sisimizi wamejaa. Akachapwa. Kabati likatiwa kufuli, na lilipotiwa kufuli mtoto akahamia kwenye mkoba wa mama. Tulipokaa chini na yule mama na afisa tukahesabu mikono, tukapata bibi aliyefariki, mjomba, jirani wa bibi, kituo cha kwanza, kituo cha pili, na sasa yeye. Mikono 6 katika miaka 9, na katika kuhama kote huko hakuna hata mmoja aliyemwambia unaenda wapi na kwa nini. Sasa wewe ungekuwa yeye, ungeamini kwamba mahamri ya kesho yatakuwepo?

Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, mwaka 1956 alisema jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza linakera, kwamba mtoto anayeiba ni mtoto ambaye bado ana tumaini. Alikuwa na kitu kizuri, mtu mzuri, akakatiwa, na kwa huo wizi wake anadai alichokuwa na haki nacho na anailazimisha dunia imuangalie. Yule ambaye ameshaacha kudai, amekaa kimya kwenye kona, huyo ndo amefika pabaya zaidi. Mimi nimelipima neno hilo kwa watoto wa hapa na naliamini.

Tulichofanya kwa yule mvulana ni kidogo tu. Mama alimtafutia kikopo chenye kifuniko, kila usiku anaweka mahamri mawili mtoto akiona, anamwambia haya ni yako ya kesho, kikopo kinakaa kitandani kwake. Mama hakukubali haraka, alisema namfundisha wizi wa wazi wazi, na mumewe alisema hii ni elimu ya vitabuni, tukabishana sana pale barazani. Lakini wakajaribu. Mwanzo mtoto alikuwa anaamka usiku anakigusa tu kikopo, anarudi kulala. Baadaye akaanza kumgawia mtoto wa jirani. Hela aliendelea kuchukua mara moja moja, siwadanganyi kwamba yote yalinyooka, lakini mama aliacha kumuita mwizi, akaanza kumuita kwa jina lake.

Na Winnicott haya hakuyajua peke yake. Wakati wa vita huko Oxfordshire kulikuwa na hosteli za watoto waliohamishwa kutoka mijini ambao walikuwa wameshindikana kwenye nyumba za watu, wezi, wakojozi, watoro. Winnicott alikuwa anafika mara moja kwa wiki, na wa kuzunguka hosteli hizo na kuongea na walezi wiki nzima alikuwa mfanyakazi wa jamii, Clare Britton, ambaye baadaye alioana na Winnicott mwaka 1951. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasaidia walezi waseme walichofanya, wamefanya nini mtoto alipowatemea mate, waliona nini. Kwa maoni yangu mengi tunayoyaita ya Winnicott yaliiva pale, mikononi mwa mtu wa kazi yetu, na wanafunzi wangefaa kulisikia jina la huyo mama mapema zaidi.

John Bowlby naye, daktari wa akili wa Uingereza, wengi mnamjua kwa jina. Mwaka 1944 alitoa uchunguzi wa watoto wezi 44 waliopita kliniki moja ya London, 14 kati yao akawaona hawana mapenzi kwa mtu yeyote, na katika hao 14, 12 walikuwa wametengwa na mama zao kwa muda mrefu wakiwa wadogo sana. Idadi ni ndogo na aliyepima ni yeye mwenyewe, kwa hivyo msiishike kama msahafu, lakini ukiisoma halafu ukaenda rumande ya watoto ukakaa nao mmoja mmoja, utasikia hadithi hizo hizo.

Hapa najua kuna mtu roho inamuwasha aniulize, na ana haki. Hao si Wazungu, mama mmoja na mtoto mmoja ndani ya chumba kimoja, sisi huku mtoto ni wa wote na wahenga walishasema mkono mmoja haulei mwana? Ni kweli Bowlby wa mwanzo alimbebesha mama peke yake mzigo wote, na kina mama wengi duniani wamelaumiwa kwa sababu ya maandishi yake. Lakini kazi kubwa iliyokuja kuyatia nyama mawazo yake ilifanyika jirani hapa tu, Uganda. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia, alifika Kampala mwaka 1954, akawa anatembelea nyumba za vijiji vya karibu, familia 26 zenye watoto wachanga 28, anakaa mchana na kina mama wa Kiganda, anaangalia tu nani anambeba mtoto, mtoto akianguka anamkimbilia nani, mama akitoka analia ama halii, na kitabu kikatoka 1967. Aliona mtoto anatambaa mbali kucheza kisha anarudi kumgusa mama, anaenda tena, anarudi tena, mama ndo mahali pake pa kutokea. Aliona pia watoto wanashikamana na bibi, na baba, na dada, si mama peke yake. Na kuna jambo jingine aliliona ambalo mimi nalitumia mpaka leo nikienda kukagua nyumba: mama anayeweza kukueleza mtoto wake kwa undani, huyu akiwa na usingizi analia hivi na akiwa na njaa hivi, uji wa wimbi hapendi, usiku anataka ashike sikio langu, mara nyingi ndiye mtoto wake ametulia naye. Kwa hivyo nikifika nyumba ya mlezi siangalii sana kochi na televisheni, namwambia mama niambie kuhusu huyu mtoto, halafu nanyamaza nasikiliza.

Basi mikono mingi haina ubaya wowote. Nyumba yetu ya bibi, shangazi, dada mkubwa, na jirani anayemkaripia mtoto akimkuta barabarani, mikono yote hiyo leo ipo na kesho ipo, mtoto anajua akikosa huyu anaenda kwa yule, na huyo ni mtoto tajiri. Kinachovunja ni mikono inayobadilika, leo huyu, mwezi ujao mwingine, na aliyepita hasikiki tena. Watu wanachanganya mambo haya mawili, wanasema watoto wetu wamezoea kulelewa na yeyote, na kwa kisingizio hicho mtoto anahamishwa hamishwa mpaka anachoka kumpenda mtu.

Sasa nitasema jambo litakalowaudhi baadhi yenu, maana Malindi na Watamu tunaishi kwa wageni na vituo vya watoto tunavyo vingi. Kuna msichana wa miaka 4 nilikuwa nikimuona kwenye kituo kimoja. Gari la wageni likiingia getini yeye ndo wa kwanza kufika, yule mtu hajawahi kumuona maishani lakini anampandia mapajani, anamshika ndevu, anamuita baba, anapigwa picha. Mgeni machozi yanamtoka, anasema huyu mtoto ana upendo wa ajabu. Anakuja na biskuti wiki mbili kila siku, wiki mbili zikiisha anaaga anaenda uwanja wa ndege, na yule msichana hata hageuki, anarudi getini kuangalia kama kuna gari lingine. Walezi wakaniambia huyu hana shida, hasumbui kabisa. Mimi huyo ndo ananitia hofu kuliko yule anayelia mpaka jioni akimtaka mtu wake, maana yule wa kulia bado ana mtu.

Hili nalo lilionekana zamani, na aliyeliona ni mfanyakazi wa jamii. James Robertson alianza kama mtu wa boila, yaani wa kuwasha tanuri la maji ya moto, kwenye vile vituo vya Anna Freud, na kule sharti lilikuwa kila mfanyakazi, awe mlezi awe wa boila, aandike anachokiona kwa watoto. Baadaye akasomea kazi yetu, akafanya kazi na Bowlby, na mwaka 1952 akaonyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka 2 aliyelazwa hospitali siku 8 mbali na mama yake. Alieleza hatua 3. Kwanza mtoto analia kwa nguvu anadai mama. Kisha ananyamaza, amekata tamaa. Kisha anajitenga moyoni, anakula vizuri, anacheka na manesi, na mama akija anamuangalia hivi hivi tu. Manesi walikuwa wakisema sasa amezoea, yeye akasema hapana, huyo ameacha kutegemea. Madaktari wengi walimkasirikia sana. Hata hivyo mwaka 1959 kamati ya serikali ya Uingereza ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wodini wakati wowote, kitu ambacho leo tunakiona cha kawaida kabisa. Kwa hivyo ukiingia kituo ukakuta watoto 40 wametulia, wote wanakukimbilia wewe usiyejulikana, usiandike kwenye ripoti kwamba watoto wana furaha.

Nchi yetu imeanza kuelekea panapofaa. Sheria ya Watoto ya 2022 imetambua njia za malezi mbadala kwenye familia, kafala ya Waislamu ikiwemo, yaani kumlea mtoto wa mwingine bila kumbadilisha ukoo wake, na kuna mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto vituoni warudi kwenye familia na jamii. Naunga mkono kwa moyo wangu wote. Ila kumbukeni kumtoa mtoto kituoni kwenda kwa shangazi asiyemjua ni kumbadilishia mikono mara nyingine tena, hata kama shangazi ni damu yake. Shangazi aje kwanza amuone, aje tena, mtoto aende kulala siku moja arudi, yule mlezi wa kituo ambaye mtoto anamuita mama aende naye mpaka kwa shangazi, akae, ale naye pale, na baadaye apige simu. Tunaambiwa hakuna bajeti ya safari hizo. Mtoto akirudishwa kituoni baada ya miezi miwili hapo gari linapatikana.

Nizungumze pia kuhusu kina mama, maana sitaki mtu atoke hapa na fimbo ya kuwachapia. Selma Fraiberg, Mmarekani, naye alisomea kazi ya jamii, mwaka 1975 na wenzake walieleza kesi ya mama mmoja kijana ambaye mtoto wake alikuwa analia kwa uchungu chumba kile kile na yeye ameangalia mbali, hasikii. Wangeweza kumfundisha, mama mtoto akilia mbebe. Hawakufanya hivyo. Waliona kwamba huyu mama kilio chake mwenyewe akiwa mdogo hakuna aliyekisikia, wakamuendea nyumbani kwake, wakamsikiliza yeye, akalia yale ya kwake ya zamani, na kadri alivyosikilizwa ndivyo akaanza kumuinua mtoto mwenyewe bila kuambiwa. Mkienda kwa wasichana waliozaa wakiwa darasa la saba, la nane, na Kilifi yetu mwajua tunao wengi, msianze na somo la lishe. Msichana wa miaka 15 anayeangalia ukuta mtoto akilia, muulize yeye nani alikuwa akimbeba. Na mhakikishe anakula, maana Florence Hollis, mwalimu wa kazi yetu huko Marekani, alisisitiza kwenye kitabu chake cha 1964 kwamba tunamtazama mtu ndani ya hali yake, nafsi na unga wa sima kwa pamoja, na hapo ndipo sisi tunapotofautiana na daktari anayekaa ofisini anasubiri mtu aje alale kwenye kochi.

Erik Erikson, aliyegawa ukuaji wa mtu katika hatua 8, nampitia haraka ingawa mtihani wenu utamuuliza sana, hatua hizo za mwaka 1950 mtazisoma. Mimi nachukua ile ya kwanza, kuamini ama kutoamini, ambayo mtoto anaijenga kwa yule anayemlisha. Mwaka 2023 hapa kwetu, msitu wa Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja waliambiwa wafunge mpaka kufa, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na watoto walikuwemo, na kuna watoto waliotoka wakiwa hai. Fikirini mtoto ambaye mkono uliokuwa ukimlisha ndo huo uliomnyima chakula na kumwambia ni kwa mapenzi ya Mungu. Huyo ukimpa sahani ya wali akaiangalia tu, usimlazimishe na usimhubirie. Kaa, kula na wewe, rudi kesho saa ile ile. Hatua ya kwanza imevunjika na inajengwa upya kwa siku za kawaida nyingi sana.

Mwisho ni nyinyi wenyewe. Mteja hakuoni wewe peke yako, anakuletea hisia za watu wote waliopita kwake. Kijana wa unga, yaani heroini, anayechukua methadone, dawa ya kumsaidia kuuacha, hapa mjini atakuwa mpole ziara za mwanzo, kisha siku moja atakutukana matusi ya nguoni bila sababu, na wewe utaumia, utataka kufunga faili. Anakujaribu kama utaondoka mapema kama wengine. Na wewe pia una yako ya ndani. Ukijikuta unataka kumchukua mtoto fulani ukamlee nyumbani kwako, ama kuna mama mmoja unamchukia hata hujui kwa nini, usijifiche, hiyo ni habari muhimu juu ya kesi na juu yako, mpelekee supavisa wako kabla hujafanya lolote.

Na jamani, tukiondoka tuwe tunawaaga watoto. Nimeona mradi mmoja uliokuwa na wafanyakazi wazuri kabisa, pesa za wafadhili zikaisha mwezi wa sita, Ijumaa watu wakakabidhi laptopu, Jumatatu watoto waliokuwa wakitembelewa kila wiki wakakaa mlangoni wakingoja na hakuna aliyekuja wala kupiga simu. Watu wa ofisini waliandika ripoti nzuri ya kufunga mradi. Ukijua unaondoka mwambie mtoto wiki kadhaa mbele, mwambie tarehe, muoneshe kwenye kalenda, mlete yule atakayekupokea mkae naye pamoja mara mbili tatu, na kama atakasirika akakataa kukusalimia siku ya mwisho mkubalie akasirike.

Kuanzia wiki ijayo kila Alhamisi baada ya Alasiri tutakuwa tukikaa pamoja kwenye chumba hiki hiki, watu wachache wachache, kila mmoja analeta kesi inayomkosesha usingizi hata kama hajui shida iko wapi, na yanayosemwa humu hayatoki. Mje na faili, na kwenye ukurasa wa nyuma mmeorodhesha walezi wote kwa mpangilio, na miaka ya mtoto kila alipohamishwa. Wale wa upande wa Magarini ambao nauli ni shida mnione kabla hamjaondoka, kuna wenzetu wawili wamekubali wao ndo waje huko kwenu.